Malalamiko ya maadili dhidi ya mshauri nasaha: yanapelekwa wapi, na chama kinayashughulikiaje?

Mama wa Rau (Moshi)

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote anayefahamu jinsi vyama vya wataalamu vinavyoshughulikia malalamiko ya maadili dhidi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Nimeuliza watu watatu hapa Moshi na kila mmoja amenielekeza kwingine.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Miezi michache baada ya msiba nilianza kwenda kwa mshauri nasaha mmoja Arusha. Nilichagua Arusha kwa makusudi, kwa sababu hapa Moshi nina duka, ninaimba kwaya na ndugu wa marehemu ni wengi, na sikutaka mtu anione nikiingia kwenye mlango wenye kibao cha ushauri. Kila Alhamisi nilipanda Coaster ya saa moja asubuhi, nikakaa naye kwa saa moja, kisha nikarudi kabla watoto hawajatoka shule. Siku ya kwanza alinipa karatasi iliyoeleza kwamba nitakayoyasema yatabaki kati yetu, isipokuwa maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na sote wawili tuliitia sahihi. Nilimweleza mambo ambayo hata dada yangu wa tumbo moja hayafahamu, likiwemo lile nililolikuta kwenye simu ya marehemu wiki moja baada ya mazishi.

Mwezi wa tatu mwaka huu rafiki yangu alihudhuria semina ya wanandoa mjini Arusha, na mtoa mada alikuwa mshauri huyo huyo. Aliporudi alinisimulia kwamba mtoa mada alitoa mfano wa "mama mmoja wa Kilimanjaro, mwenye duka, mwanakwaya", ambaye baada ya kumzika mumewe alifungua simu yake akakuta mambo fulani, na hayo mambo akayataja moja baada ya jingine. Jina halikutajwa. Rafiki yangu alifika katikati ya masimulizi, akanitazama, akanyamaza, kisha akaanza kuzungumzia bei ya mahindi. Tangu siku hiyo hajawahi kuniuliza tena habari za marehemu, ilhali zamani alikuwa akiniuliza kila mara.

Lipo jambo jingine dogo. Wakati bado nikienda kwake, mshauri aliniomba nimkopeshe shilingi 350,000 za kodi ya ofisi. Nilimtumia kwa simu, naye akarudisha 200,000. Hilo silidai kwa sasa.

Ninachotaka kujua ni hiki: malalamiko kama haya yanapelekwa kwa nani, je, yatasikilizwa ikiwa jina langu halikutajwa, na je, wataalamu wenzake hawatamkingia kifua?

Mzee wa Themi (Arusha)

Mwanangu, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa hili lililokuongezea msiba mwingine. Kabla ya kustaafu nilihudumu kwa vipindi viwili katika kamati ya maadili ya chama cha wanataaluma, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyaona mezani.

Jambo la kwanza ni kujua mtu huyo yuko chini ya chombo gani, kwa kuwa maneno "mshauri" na "mtaalamu" yanatumiwa na watu wa taaluma mbalimbali. Angekuwa daktari wa magonjwa ya akili, malalamiko yangekwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kazi yake inaongozwa na sheria ya mwaka 2017. Angekuwa muuguzi, yangekwenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hayo ni mabaraza ya kisheria yanayoshika usajili na leseni, hivyo yanaweza kumzuia mtu kufanya kazi. Chama cha taaluma ni kitu tofauti. Nguvu zake zinatoka katika katiba yake na katika kanuni za maadili ambazo mwanachama alikubali kuzifuata alipojiunga. Chama kinaweza kumpa mwanachama onyo, kumwagiza afanye kazi chini ya msimamizi kwa muda fulani, kumsimamisha au kumfuta uanachama. Hakiwezi kumfungia ofisi, hakiwezi kukulipa fidia, na asiye mwanachama hakimgusi kabisa. Kwa hiyo tazama ile karatasi mliyotia sahihi, risiti zake na kibao chake. Ikiwa ameandika kwamba ni mwanachama wa chama fulani, kiandikie chama hicho kuuliza kama uanachama wake ungali hai. Swali hilo peke yake halihitaji ueleze yaliyokupata.

Wapo wanaokata tamaa wakisikia kwamba chama hakina nguvu ya leseni, nami siwalaumu. Hata Uingereza, mtu aliyefukuzwa chamani anaweza kuendelea kujiita mshauri na kupokea wateja, kwa sababu jina hilo halilindwi na sheria huko. Yanayolindwa ni majina kama mwanasaikolojia tiba, ambayo tangu 2009 yanasimamiwa na baraza la usajili, na anayeyatumia bila kusajiliwa anatenda kosa. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014 na kuunda bodi yake. Pamoja na hayo, nimeona watu ambao onyo la chama liliwagusa kuliko faini, kwa kuwa wanaowaletea wateja, yaani hospitali, makanisa na mashirika, huuliza hali ya uanachama.

Sasa utaratibu wenyewe. Katika kamati yetu malalamiko yalipofika yalichujwa kwanza kwa maswali mawili: je, mlalamikiwa ni mwanachama, na je, ikiwa yote yaliyoandikwa ni kweli, huo ungekuwa ukiukaji wa kanuni? Tazama vizuri swali la pili, kwa maana hapo hakuna anayeuliza bado kama unasema kweli. Malalamiko mengi yaliyoanguka yalianguka hapo, si kwa sababu walalamikaji walikuwa waongo, bali kwa sababu waliandika kurasa nyingi za jinsi walivyoumia na wakasahau kueleza mtu yule alifanya nini, lini na wapi. Yakipita hapo, nakala yake yote hupelekwa kwa mlalamikiwa naye hujibu kwa maandishi. Hatuwezi kumhukumu mtu kwa barua asiyoiona. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13(6)(a), inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufani, mbele ya Mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika". Uamuzi wa kamati usioheshimu haki hiyo hufutwa, na mlalamikaji ndiye anayebaki mikono mitupu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona watu wakiumia mara ya pili. Siri ya chumba cha ushauri ni mali yako, si yake. Hata hivyo unapomlalamikia unatoa ruhusa kwamba sehemu ya siri hiyo ifunguliwe mbele ya kamati, kwa kuwa hawezi kujitetea akiwa amezibwa mdomo. Kamati itakuletea fomu ya ridhaa utie sahihi. Nilimshuhudia mama mmoja akisomewa na mlalamikiwa maelezo ya kikao chake cha pili, yenye jambo ambalo halikuhusiana kwa namna yoyote na malalamiko, naye alikuwa ametia sahihi fomu pana bila kuisoma. Alikunja mtandio wake mapajani mpaka ukawa mdogo kama leso, na hakusema neno tena siku ile. Ridhaa inaweza kuwekewa mipaka. Andika wazi kwamba unaruhusu yafunguliwe maelezo yanayohusu jambo lililosimuliwa kwenye semina na mkopo, na si zaidi ya hapo bila kuulizwa tena. Omba pia kikao kiwe cha faragha na nyaraka zirudishwe au ziharibiwe mwishoni.

Kuhusu jina kutotajwa, usikubali mtu akuambie kwamba hiyo inamwokoa. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambazo vyama vingi duniani vimejifunza kwazo, zina kifungu cha 4.07 kinachozungumzia jambo hili hasa: katika mihadhara na maandishi, mtaalamu hatoi habari za siri zinazoweza kumtambulisha mteja isipokuwa amechukua hatua za kutosha kumficha, au mteja ameridhia kwa maandishi, au ipo ruhusa ya kisheria. Kipimo basi ni kama mtu anayekufahamu angeweza kukutambua. Mkoa, kazi yako, kwaya na lile la simu vikiwekwa pamoja, waliobaki kukisiwa si wengi.

Lile uliloliita dogo si dogo. Mshauri kukopa fedha kwa mteja wake aliye katikati ya msiba ni kuchanganya mahusiano mawili, na katika kanuni hizo hizo lina kifungu chake, 3.05. Wewe linalokuuma ni semina, nami ninakuelewa, lakini la semina litahitaji shahidi, na la mkopo lina ujumbe wa muamala wenye tarehe na saa. Yaandike yote mawili. Kiasi kilichobaki ni deni la kawaida lenye njia yake mahakamani, kwa hiyo kamati usiiombe ikulipie.

Nasaha Njiro (Arusha)

Dada, pole sana. Mimi ni mshauri nasaha, na kusema kweli nimesoma habari yako nikiona aibu kwa niaba ya kazi yetu. Nakubaliana na mzee kwa sehemu kubwa, nami ninaongeza machache.

Una haki ya kuuliza ni nani aliyekuwa akimsimamia kitaaluma. Mshauri anayefuata taratibu huwa na msimamizi anayejadiliana naye kesi zake, bila kutaja majina. Akiwa hana, hilo nalo kamati itataka kulifahamu.

La pili ni kumbukumbu zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Hiyo ni njia tofauti na ya chama, na kwenda huku hakukuzuii kwenda kule. Mwandikie mshauri, au umwombe mtu unayemwamini amwandikie kwa niaba yako, ukimtaka mshauri huyo asiharibu faili lako wala kulionyesha kwa mtu mwingine.

Mimi binafsi ningependa pia ufikirie kumwandikia yeye kwanza na kumpa nafasi ya kuomba radhi, kabla ya kufika chamani. Baadhi ya vyama huuliza kama jambo limejaribiwa kumalizwa kwa mazungumzo.

Baba wa Kiboriloni (Moshi)

Naomba kumpinga kwa heshima ndugu wa Njiro katika hilo la mwisho. Kumaliza mambo kwa mazungumzo ni wajibu wanaowekewa wataalamu wao kwa wao, mmoja anapoona mwenzake amekosea. Mteja hana wajibu huo. Mtu aliyekaa na machozi yako kwa miezi anajua wapi pa kukugusa ili uache, hata kama hakusudii ubaya. Mimi nilijaribu. Nilikaa na mtaalamu niliyekuwa nikimlalamikia dakika ishirini nikatoka nimemwomba radhi yeye.

Malalamiko yangu yalimhusu mtaalamu aliyekuwa akimhudumia mwanangu, sitaeleza zaidi ya hapo. Niliandika kurasa kumi na moja kwa mkono. Chama kilinirudishia na barua fupi yenye swali moja: "Unadai mwanachama wetu alifanya kitendo gani, na tarehe ipi?" Nilikasirika, nikaiweka barua kabatini kwa majuma matatu. Kisha nikakaa na mke wangu usiku mmoja na daftari la kliniki la mtoto, tukazitoa tarehe nne, na malalamiko yakawa kurasa mbili. Hizo ndizo zilizopita.

Dada ameuliza kama watamkingia kifua. Swali hilo ni la haki, kwa sababu huku kwetu taaluma hii ni ndogo na wote wamesoma pamoja. Siku chache kabla ya kikao niligundua kwamba mwenyekiti alikuwa mwalimu wa mlalamikiwa chuoni. Niliandika barua ya aya moja, bila tusi wala tuhuma, nikiomba ajitoe kwa mgongano wa maslahi. Alijitoa, na nafasi yake ikashikwa na mtu wa mkoa mwingine. Nilipoomba orodha ya wajumbe mapema walishangaa kidogo, lakini waliitoa. Iombe na wewe. Omba vilevile mahali pa kukaa. Nilipoingia nilikuta viti viwili vinatazamana, changu na chake, magoti karibu kugusana. Nikasema siwezi kuzungumza hivyo, na karani akasogeza meza.

Ilichukua miezi tisa. Mlalamikiwa hakujibu barua mbili za mwanzo, nami nilidhani kukaa kimya kutamsaidia. Kamati ilimwandikia ya tatu, ikamkumbusha kwamba kutoshirikiana na uchunguzi ni kosa lenyewe la kimaadili, na kwa kweli kanuni zao zilikuwa na kifungu hicho. Akajibu ndani ya wiki. Mwishoni alipewa onyo la maandishi na kuwekwa chini ya msimamizi. Sikulipwa chochote, na sikuwa nimeomba. Nilipewa barua yenye sentensi inayosema kwamba alichomfanyia mwanangu hakikustahili kufanywa. Nimeihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mama wa Rau (Moshi)

Ahsanteni sana. Mzee, shikamoo, nimesoma maelezo yako mara tatu. Nimeitazama karatasi ya siku ya kwanza, na kweli chini kabisa, kwa maandishi madogo, pameandikwa jina la chama na namba ya uanachama. Baba wa Kiboriloni, nimekuelewa, sitamwandikia yeye kwanza.

Limebaki linalonitatiza. Shahidi wa semina ni rafiki yangu huyo. Nikimwomba aandike maelezo nitakuwa nimethibitisha kwa kinywa changu kwamba yule mama ni mimi, na pengine mpaka leo anadhani tu. Je, hakuna njia ya kupata maelezo yake bila yeye kujua yanahusu nini?

Mzee wa Themi (Arusha)

Marahaba mwanangu. Usimfiche. Shahidi aliyefichwa sababu ya maelezo yake huyumba anapoulizwa swali la kwanza, na mlalamikiwa atasema umempanga. Shahidi haandiki kwamba mama yule ni wewe, kwa kuwa hilo halikusemwa ukumbini. Anaandika alichokisikia, kwa maneno yaliyotumika kadiri anavyoyakumbuka, tarehe, mahali, na takriban watu wangapi walikuwepo. Anaweza kuongeza kwamba aliposikia alimfikiria mtu fulani anayemfahamu, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha kutambulika. Kama si yeye, waandaaji wa semina wanaweza kuwa na orodha ya waliohudhuria au rekodi ya sauti, lakini kwenda kwa waandaaji kutawafungulia siri watu wengi zaidi kuliko rafiki mmoja. Upime mwenyewe. Hakuna kamati yenye haki ya kukulazimisha katika hilo, na ukiamua kulalamikia mkopo peke yake, malalamiko yako bado yatakuwa halali.

Mama wa Rau (Moshi)

Nimerudi kuwapa taarifa. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya nilimwambia rafiki yangu. Alisema amejua tangu siku ile ile, hata kabla mtoa mada hajamaliza sentensi, na kwamba alibadilisha mazungumzo kwa sababu hakutaka nijue kwamba amejua. Tulilia kidogo pale kwenye ngazi za kanisa. Kisha akaniuliza kama daftari lake la semina lingefaa, kwa sababu ana desturi ya kuandika kila mada na tarehe, na mfano ule aliuandika ukurasa mzima akidhani ni somo. Amenipa daftari. Jina la mtoa mada lipo juu, tarehe ipo, na maneno "mwenye duka, mwanakwaya" yapo kama alivyoyatamka. Je, nichane ukurasa huo niupeleke, au ninakili?

Mzee wa Themi (Arusha)

Usichane, wala usiongeze hata nukta kwa kalamu yako. Mrudishie daftari akae nalo mwenyewe. Piga picha ya jalada, ya ukurasa huo, na ya kurasa zilizo kabla na baada yake, ili ionekane kwamba uliandikwa mfululizo na maandishi mengine ya siku ile. Maelezo ya rafiki yako ayaandike kwa mkono wake, na aseme ndani yake kwamba daftari halisi analo na yuko tayari kulileta kikaoni likihitajika. Ujumbe wa muamala wa 350,000 na ule wa 200,000 uombe uchapishwe na kampuni ya simu yako sasa, kabla hujapeleka lolote. Malalamiko yenyewe yapeleke kwa katibu wa chama kwa mkono au kwa rejista ya posta, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.